Bomba Nililolisifia Mwenyewe

Siku mpwa wangu alipoingia uani kwangu na kambare mwenye mgongo uliopinda kama ndoana, nilijua wiki hiyo sitapata usingizi wangu wa mchana.

"Shikamoo, Mjomba. Mtazame huyu," akasema, akaweka ndoo miguuni pangu bila hata kuvua mkoba begani.

"Marahaba. Kapinda hivi kwa kucheka au kwa kulia?"

"Mjomba, leo sina muda wa utani."

Nikamtoa samaki. Kambare mzima ana sharubu nane. Huyu alikuwa nazo tatu, na moja kati ya hizo tatu ilikuwa imenyauka kama uzi uliochomwa. Tumboni alikuwa na vidonda vya duara. Mpwa wangu akaingia jikoni kwangu, akachukua ubao wangu wa kukatia vitunguu, akampasua palepale. Ini lilikuwa limevimba na kuwa na rangi ya chai iliyolala. Mayai hayakuwepo, hata moja, na mwezi ule ndio mwezi wa kambare jike kujaa mayai mpaka ashindwe kugeuka.

"Huyu ni wa saba wiki hii," akasema. "Wote wa pale Kona."

Kona ni pale mto unapopinda chini ya kiwanda cha ngozi. Maji yanafika pale yamechoka, yanazunguka polepole kama mtu anayetafuta funguo zake, halafu yanaendelea na safari. Ndipo kambare wa mto mzima wanapoenda kutaga. Napafahamu vizuri kwa sababu nilikuwa mtunza pampu katika kiwanda hichohicho kwa miaka ishirini na minane. Shule sikufika mbali. Niliyonayo kichwani nimeyaokota mwenyewe kwenye vitabu vya mafundi vilivyotupwa na kwenye magazeti yaliyofungiwa misumari. Kiwandani waliniita Zidisha, na jina likanifuata mpaka kwenye kustaafu. Nilikuwa na kisa changu cha kambare aliyemeza kengele ya baiskeli akawa anatulilia saa sita kamili ili tukale. Kisa kile nilikisimulia kwa miaka mingi, na kila mwaka kengele ilikuwa inakua.

Mpwa wangu ni binti wa dada yangu mdogo, fundi wa maabara katika ofisi ya maji. Nikimwambia nimeona nyoka wa futi sita, yeye anaandika mbili.

"Maji nimeyapima mara tano," akasema, akinawa mikono. "Ni safi. Kiwanda siku hizi kina mtambo wa kuchuja, na unafanya kazi. Lakini maji yanapita, Mjomba. Tope halipiti. Kilichomwagwa zamani kilishuka, kikashikamana na lile tope laini, kikakaa. Kambare anakula kule chini, analala kule chini, anataga kule chini."

"Sasa ofisi yenu haijapima tope?"

"Imepima. Chini ya daraja." Akacheka bila furaha. "Kwa nini daraja? Kwa sababu gari linafika. Na chini ya daraja maji yanakimbia, kuna mchanga mtupu, na mchanga haushiki kitu. Miaka yote tunapima mchanga na kuandika kwamba mto ni mzima."

Hapo ndipo akaniambia kilichomleta. Kiwanda kilikuwa kimejitolea, bila malipo, kuusafisha mto. Alhamisi, saa sita mchana, kijiko kile kikubwa cha kuchimbia, chenye mkono mrefu, kingeshuka Kona kuchota tope lote na kuongeza kina. Kamati ya mto ilikuwa imeshakubali na kupiga makofi.

"Wakilikoroga lile tope, kila kilicholala kinaamka," akasema. "Hewa iliyomo kwenye maji inaisha kwa saa moja. Samaki wote wa Kona wanaelea, wazazi na watoto, na tope lenyewe linateremka mpaka kwenye mabwawa ya watu huko chini. Nikishika ushahidi kabla ya Alhamisi saa sita, kamati itasimamisha. Nisiposhika, kijiko kinaingia."

Nikahisi damu imenichemka kama nina miaka ishirini. Nikasimama.

"Ushahidi uko hatua thelathini kutoka kwenye ule mkuyu uliokatwa," nikasema. "Bomba la zamani lilitokea pale. Kabla ya mtambo wa kuchuja kujengwa, maji ya dawa ya ngozi yalikwenda moja kwa moja Kona. Kila siku, saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Miaka kumi na miwili."

Akanitazama kwa jicho la kupima dawa.

"Mjomba. Hii ni ya kweli au ya kuzidisha?"

"Hii nimeipunguza."

Sikumwambia mkono wa nani ulizungusha gurudumu la koki ile. Hakuuliza.

*

Alichohitaji mpwa wangu ni bomba la kudidimiza kwenye tope na kulitoa likiwa limejaa, ili tabaka zije zimepangana vilevile zilivyolala: jipya juu, la zamani chini. Chombo cha ofisi kilikuwa kimeazimwa na ofisi nyingine, na aliyekiazima hapokei simu.

"Niachie mimi," nikasema.

Kwenye kibanda changu cha vyombo nilikuwa na bomba moja la chuma, refu kuliko mimi, nene kama mkono wa mbeba mizigo. Lilikuwa zuri ajabu. Nikaupiga mdomo wake tupa mpaka ukawa unaweza kunyoa ndevu. Nikaliosha kwa sabuni mara tatu. Nikaweka na vipini viwili vya kushikia, nikavipaka rangi nyekundu, kwa sababu kitu kizuri kinastahili rangi.

Jumapili asubuhi mpwa wangu alipoliona akakunja uso kidogo. "Chuma," akasema. Halafu akafikiri. "Basi, chuma si kitu ninachokitafuta. Umeliosha?"

"Mara tatu."

Hakuuliza limetoka wapi. Alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa nimevimba kichwa.

Mvuvi mmoja wa pale Kona, wanayemwita Kasia, alitupakia kwenye mtumbwi wake. Ni mtu mwembamba, mdomo wake haupumziki.

"Mzee Zidisha, leo unavua kwa bomba?"

"Navua sumu."

"Ukimpata yule wa kengele, naomba kengele. Baiskeli yangu inagonga watu."

Tukaligonga bomba kwa nyundo. Kila pigo mtumbwi ulicheza na Kasia alimwita mama yake. Lilipozama mpaka kwenye vipini vyekundu, tukavuta wote watatu, na lilipotoka lilitoa sauti ya ng'ombe anayetoa mguu kwenye kinamasi. Ufukweni mpwa wangu akalisukuma tope likatoka kama soseji ndefu nyeusi juu ya turubai. Akatoa kifaa alichokopa kwa rafiki yake chuoni. Kina umbo la bastola. Unakiegemeza kwenye tope, unabonyeza, unasubiri kidogo, kinakwambia kuna madini gani na kiasi gani.

Akabonyeza. Namba zikapanda. Akabonyeza pengine. Zikapanda zaidi.

"Elfu kumi na moja!" akapiga kelele. "Mjomba, udongo wa kawaida hapa ni themanini! Elfu kumi na moja za kromiamu!"

Kromiamu ndiyo dawa inayozuia ngozi isioze. Kiatu ulichovaa sasa hivi huenda kinayo, na humo ndani ya kiatu haina ugomvi na mtu. Kwenye utumbo wa kambare ni habari nyingine.

Tulicheza. Nasema kweli, tulicheza ufukweni pale, mimi, mpwa wangu na Kasia, na mtumbwi uliofungwa vibaya ukaanza kuondoka peke yake, Kasia akaukimbilia majini na nguo zake zote.

*

Jumanne kamati ilikaa kwenye ukumbi mdogo wa ofisi ya kata. Viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kwa manung'uniko, meza yenye kitambaa cha kijani. Mwenyekiti ni mama mmoja mwalimu mstaafu, aliyewafundisha hesabu nusu ya watu waliokuwemo humo, kwa hiyo wote walikaa wima. Upande wa pili alikaa mhandisi wa kiwanda, kijana mwenye miwani, shati limepigwa pasi vizuri, adabu tele.

Mpwa wangu akaeleza. Alieleza vizuri mpaka nikatamani kusimama na kusema huyo ni wa dada yangu. Akaonyesha picha za kambare. Akaonyesha namba. Minong'ono ikaanza. Watu wawili wakasema, "Kijiko kisimame kwanza."

Mhandisi akainua kidole kama mwanafunzi.

"Samahani, Mwenyekiti. Nina swali moja tu. Naona namba za juu ni kubwa, za katikati ni kubwa, na hizi za chini kabisa nazo ni kubwa. Lakini chini kabisa ni udongo wa manjano, udongo wa tangu zamani kabla kiwanda hakijakuwepo. Kromiamu iliingiaje huko?"

Mpwa wangu akatazama karatasi yake.

"Naomba kujua," mhandisi akaendelea polepole, "bomba lililotumika ni bomba gani?"

Sasa, ningekaa kimya. Mtu yeyote mwenye akili angekaa kimya, au angesema bomba ni bomba. Lakini yule kijana alikuwa amelitilia shaka bomba langu! Bomba nililolitia tupa siku nzima! Nikasimama mpaka kiti kikaanguka.

"Bomba hilo, kijana, ni bomba hasa! Siku hizi hawatengenezi tena! Nililitoa mwenyewe kiwandani mwaka ule mlipobadilisha mabomba. Limepitisha dawa ya ngozi miaka kumi na miwili na halijatoboka hata tundu la sindano!"

Feni ikanung'unika mizunguko mitatu.

Mhandisi hakucheka. Heri angecheka. Alisema tu, "Asante, Mzee," akaandika kitu. Nyuma yangu mtu mmoja akaanza kukohoa kikohozi cha kicheko, kikasambaa ukumbi mzima. Mpwa wangu alikuwa ameinamia meza, kiganja kimefunika macho.

Ikanichukua muda kuelewa, kisha ikanishukia yote kwa mpigo. Sabuni haiondoi miaka kumi na miwili. Tulikuwa tumelipima bomba langu.

"Mwenyekiti," mpwa wangu akasema, na sauti ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka, "mwenzetu yuko sahihi. Sampuli hii imeharibika. Ningepaswa kuuliza bomba limetoka wapi, sikuuliza. Kosa ni langu. Naomba nichukue nyingine."

Mwenyekiti akagonga kalamu mezani.

"Kijiko ni Alhamisi saa sita, sikisogezi. Asubuhi hiyo tutakuwa pale wote. Mtachota mbele yetu, kwa bomba jipya, mahali atakapopachagua mhandisi. Ikifika saa sita hamna kitu, kazi inaanza." Akanigeukia. "Na wewe Zidisha, uje na mikono. Mdomo uache nyumbani."

Njiani nilifungua kinywa mara mbili.

"Mjomba," mpwa wangu akasema bila kunitazama, "nakupenda sana. Ila leo usiniambie kitu."

*

Jumatano saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni pa maabara na bomba la plastiki begani, jeupe, jipya, lile la kupitishia maji ya bafuni, stika ya duka bado imeganda. Nilileta na stakabadhi, ili asiulize. Alinitazama, akatazama stakabadhi, na kona ya mdomo wake ikasogea kidogo. Nikajua nimesamehewa nusu.

Akaliosha kwa tindikali, akalisuuza kwa maji yaliyochujwa, akalifunga ncha zote kwa mifuko safi kama mtoto mchanga. Jingine la namna hiyo tukalichukua la kufanyia mazoezi. Uani kwangu nikajaza pipa tope, maji juu yake, tukaanza.

Bomba lilizama vizuri. Tulipolivuta, lilitoka tupu. Plastiki ni laini, tope linateleza, linabaki kule chini linatucheka. Mara ya pili tupu. Mara ya tano tupu. Mpwa wangu alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi.

"Lile la chuma lilikuwa na kutu ndani, lilishika," akasema. "Hili halina cha kushikia. Mjomba, tumekwisha."

Nami nikasimama nikalitazama pipa kama nilivyokuwa nikitazama pampu iliyogoma. Miaka ishirini na minane nimesikiliza pampu. Pampu ikivuta hewa, hainyanyui hata glasi ya maji. Ukiziba hewa isiingie, inanyanyua mto.

"Ni pumzi!" nikapiga kelele, jirani akachungulia juu ya ukuta. "Bomba linapumua juu! Tulizibe juu, tope litakwenda wapi?"

Nikachukua kifuniko cha mpira, nikakikaza mdomoni mwa bomba kwa pete ya waya. Tukavuta. Bomba lilitoka na nusu ya tope, nusu ikaanguka. Kwa sababu juu ya maji, kati ya kifuniko na maji, kulikuwa na hewa kidogo, na hewa ile ilitanuka. Kwa hiyo bomba lilipaswa kuzama lote, lijae maji mpaka mdomoni, ndipo lifunikwe humohumo ndani ya maji. Tukazamisha pipani, nikaingiza mikono mpaka mabegani, nikafunika kwa kupapasa. Tukavuta.

Limejaa! Limejaa mpaka mdomoni!

Mpwa wangu alinikumbatia na tope lake lote. Halafu akaniachia.

"Pale Kona, nani ataingia majini kufunika?"

"Kasia anasema anaogopa kambare."

"Mjomba, una miaka sitini na minane."

"Nazidisha," nikasema. "Sitini na saba."

*

Alhamisi saa nne watu walikuwa wamejaa ukingoni. Kijiko kilikuwa kimeshafika, cha manjano, kimepita kwenye kile kichochoro kati ya uzio wa kiwanda na bustani za mboga, kikasimama juu ya Kona na kuinamisha mkono wake mrefu karibu na maji kama twiga mwenye kiu. Dereva wake alikuwa amekaa humo juu, ananyonya juisi kwa mrija, injini inanguruma taratibu.

Mhandisi akachagua mahali. Nilidhani atachagua pa kutuangusha, kwenye mawe. Alipima kwa macho, akauliza mkuyu uliokatwa uko wapi, akahesabu hatua, akasema, "Hapa." Hapohapo nilipopasema. Nikamwangalia vizuri zaidi baada ya hapo.

Nikavaa suruali ya mpira inayofika kifuani, glavu mpaka kwenye viwiko. Watu wakaanza.

"Zidisha anaenda kuzikwa!"

"Akirudi atasema kapigana na mamba!"

"Kumi!" nikawajibu. "Kumi na mmoja nikipata muda!"

Maji yalikuwa ya kifua. Chini, tope lilinipokea miguu kwa ulaini wa kuchukiza. Kasia kwenye mtumbwi alishika bomba lisimame, mpwa wangu akaweka kipande cha ubao juu yake na kugonga. Likazama. Likazama zaidi. Kofi la maji likanipiga usoni. Nikaingiza mikono chini, nikapapasa mdomo, nikabana kifuniko.

"Vuta!"

Wakavuta. Kifuniko kikaruka kama kizibo cha soda. Bomba likatoka tupu.

Ukingoni watu wakasema "Aaah!" kwa pamoja. Mwenyekiti akatazama saa yake. "Saa tano na dakika ishirini."

Bomba lilisuuzwa, mpwa wangu akahamia pembeni kwa hatua moja. Nikakifuata kifuniko kilipokuwa kinaelea, nikakirudisha.

"Mjomba, toka. Tutamwomba mtu mwingine."

"Wewe gonga!"

Safari hii sikubana kifuniko kwa vidole. Nilivuta pumzi, nikazama kichwa chote ndani ya maji yale meusi, nikalikumbatia bomba kwa mikono miwili, nikafunika na kukandamiza kwa kifua changu chote, nikaikaza pete kwa kupapasa. Sikuwa naona kitu. Nilisikia tu nyundo ya moyo wangu na injini ya kijiko, kwa mbali, ndani ya maji. Nikatoka kama pomboo.

"VUTA!"

Halikutoka. Kasia alivuta mpaka mtumbwi ukainama, mpwa wangu akavuta, bomba likakataa. Hapo nikasikia mtu anaingia majini nyuma yangu, chubwi, chubwi. Ni mhandisi! Na shati lake la pasi! Akashika bomba chini ya mikono yangu.

"Moja, mbili..." akasema.

Lilitoka kwa kishindo, sote tukaanguka kinyumenyume, na mpwa wangu akawahi kuziba mdomo wa chini kwa kiganja chake kabla tone halijamwagika. Ukingoni walipiga vigelegele kana kwamba tumetoa bibi harusi.

*

Juu ya meza, mbele ya kamati, mpwa wangu alilisukuma tope taratibu kwa mti safi. Watu walisongamana mpaka Mwenyekiti akawafokea kama darasani. Kwanza likaja la kahawia. Halafu jeusi, lenye harufu ya yai viza. Halafu, Mungu wangu, likaja tabaka la buluu iliyopauka, kama shati la shule lililofuliwa mara nyingi mno, nene kama shibiri mbili. Na chini yake udongo wa manjano, safi, umekatwa kama kwa rula.

Mpwa wangu akachukua kile kifaa chenye umbo la bastola. Akakigeuza, akampa mhandisi kitako chake.

"Piga wewe."

Mhandisi, maji yakimchuruzika kwenye miwani, akabonyeza la kahawia. "Mia moja arobaini," akasoma. Jeusi. "Elfu mbili na mia moja." Akafika kwenye buluu, akabonyeza, akasubiri, akatazama, akabonyeza tena pengine.

"Soma, mwanangu," Mwenyekiti akasema.

"Elfu tisa mia sita."

Akashuka mwenyewe kwenye udongo wa manjano, na hapo nikasogea mpaka nikaigusa meza, kwa sababu kama na pale pangekuwa na namba kubwa, basi tumepima bomba tena na kwisha kazi. Akabonyeza.

"Sabini na tano," akasema. Akavua miwani. "Bomba ni safi. Tope ndilo lenye sumu."

Kelele zilizopigwa zilimfanya dereva wa kijiko azime injini ili asikie kuna nini.

Lakini Mwenyekiti hakuwa amemaliza. Alikuwa ameinamia lile tabaka la buluu. "Kiwanda kina mtambo wa kuchuja. Hili lilifikaje hapa? Kiwanda kina kumbukumbu?"

"Mimi nina miaka sita tu pale," mhandisi akasema. "Michoro ya zamani sijawahi kuiona. Kama kulikuwa na bomba lililotokea Kona, sina karatasi inayosema hivyo. Na bila hiyo wakubwa wangu watasema imetoka kwingine, na wiki ijayo watarudi na kijiko."

Mpwa wangu akanigeukia. Alikuwa ameelewa, nadhani tangu siku ile uani.

"Nilifungulia mimi," nikasema.

Watu wengine wakaanza kutabasamu, wakisubiri mamba.

"Zidisha," Mwenyekiti akasema, "leo sitaki nyongeza."

"Hakuna nyongeza, Mwalimu. Koki ilikuwa nyuma ya nyumba ya pampu, chini ya bamba la zege. Inchi nane. Saa nne asubuhi na saa kumi jioni nilizungusha gurudumu lake mizunguko kumi na nne kwa mkono huu, miaka kumi na miwili. Niliona maji yakienda Kona na rangi yake. Nilitania. Niliwaambia watu tope la Kona lina rangi, wakacheka, nami nikacheka nao, kwa sababu kucheka kulikuwa kwepesi kuliko kuacha kazi. Leteni karatasi nitie sahihi. Bamba lile bado lipo. Mkilifunua mtaiona koki."

Hakuna aliyecheka. Ajabu, sikujua kama watu wanaweza kunisikiliza kimya namna ile, na sikupendezwa nako sana. Nikatia sahihi. Mpwa wangu alinishika kiwiko wakati naandika.

Mwenyekiti akaandika chini ya jina langu, akisoma kwa sauti: Kona isiguswe. Samaki wa pale wasivuliwe kwa kuuzwa. Wataalamu waitwe waseme namna ya kulifunika tope bila kulikoroga. Mhandisi naye akatia sahihi, karatasi ikalowa, wakaianika juu ya meza na kuikandamizia mawe mawili.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne.

"Oya!" dereva wa kijiko akaita kutoka juu. "Mnaniambia nifanye nini?"

"Rudi ulikotoka!" watu ishirini wakamjibu.

"Nirudi vipi? Nikigeuza hii minyororo ninayotembelea hapa, ukingo wote unaporomokea majini! Hapa ni kurudi kinyumenyume, na nyuma sioni kitu!"

Alikuwa sahihi. Ardhi chini ya minyororo ilikuwa imeshaanza kupasuka ufa mwembamba, na vipande vya udongo vilidondoka Kona, chubwi, chubwi, kila kimoja kikiinua kiwingu cheusi majini.

Sikusubiri kuombwa. Nikaruka nyuma ya lile dude na suruali yangu ya mpira iliyojaa maji, nikainua mikono yote miwili.

"Injini! Polepole! Rudi!"

Likatetemeka, likasogea.

"Wewe, ondoa hiyo baiskeli! Mama, shika mtoto! Rudi! Rudi! Mhandisi, simama pale kwenye uzio wenu unipigie kelele ukiguswa!"

"Kulia kidogo, Mzee!" mhandisi akajibu.

"Kulia kidogo! Kidogo nimesema, si kulia kote! Simama! Sasa rudi!"

Mpwa wangu alikuwa mbele, ukingoni, amelala kifudifudi akitazama ufa. "Haupanuki!" akapiga kelele. "Mjomba, haupanuki! Endelea!"

"Rudi! Njoo, njoo, njoo! Rudi!"